Wimbo wa Jim Reeves "He'll Have to Go": unafaa kwenye sendofu?

Mtoto wa Chikongola:

Wakuu habari za jioni, na wazee wangu shikamooni. Naomba msaada kwa wanaojua nyimbo za zamani, hasa watu wa Mtwara na Lindi.

Dada yangu anafanyiwa sendofu Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi uko Shangani. Kamati imemaliza karibu kila kitu, michango imeingia vizuri kuliko tulivyotegemea (korosho zimesaidia), imebaki vita moja tu. Mzee wetu kachangia bila kuuliza lolote, sare kavaa rangi waliyomchagulia, ila katoa sharti: akimwingiza binti yake ukumbini, upigwe "He'll Have to Go" wa Jim Reeves, yule mwimbaji wa zamani wa Marekani. Hataki mwingine. Kaseti yake ipo kabatini, lebo ilishafutika, lakini usithubutu kuigusa.

DJ amegoma. Anasema kwao Masasi wimbo huo unapigwa msibani, ni wa kumuaga marehemu. Shangazi anasema hapana, Jim Reeves alikuwa mwimbaji wa dini, uachwe upigwe. Binamu yangu yuko chuo, kautafuta maneno yake kwenye simu, kaishia kucheka, hasemi. Mzee mwenyewe ukimuuliza anajibu, "Muziki mtamu hauna maelezo."

Sasa unazungumzia nini hasa, na ulitungwaje? Na je, nimwache mzee aingie nao?

Kijana wa Bandarini:

DJ wenu yuko sahihi. Huo Jim alimtungia mkewe kabla hajafa na ndege. Alikuwa ameshaoteshwa kwamba anakufa, ndiyo maana anaimba habari za kuondoka. Msikilize vizuri utasikia ile huzuni. Mtie mzee wako moyo achague mwingine.

Mama Nanyamba:

Jamani, mimi huo nilifunguliwa nao muziki kwenye harusi yangu na niko na mume wangu mpaka leo. Acheni kumsumbua mzee.

Mwera wa Mtama:

Sina jibu la swali ila nimekumbuka mbali. Sisi Jim Reeves tulimjua kwa redio kaseti ya mjomba, ile ya betri kubwa sita. Betri zikianza kuchoka tunaanika juani juu ya bati, mchana zinapata nguvu kidogo, jioni zinakufa tena. Sasa zikifa kanda inazunguka polepole, na sauti ya Jim inazidi kushuka, inashuka, mpaka unasikia mtu anaongea ndani ya pipa. Nilipokuja kumsikia kwenye redio ya umeme nikadhani wameweka mtu mwingine, maana sauti ilikuwa nyepesi!

Wamakonde mliokuwa na umeme Mtwara mjini hamuwezi kuelewa haya.

Opareta Mstaafu:

Marahaba kwa mliosalimia, na wasiosalimia nao nawasamehe.

Nianze na huyo kijana wa bandarini, kwa sababu hayo ya kuoteshwa nimeyasikia miaka mingi na hayana miguu. Wimbo ulirekodiwa Oktoba 1959 mjini Nashville, Marekani. Jim Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964. Alikuwa anaendesha ndege yake ndogo mwenyewe, anatoka Arkansas kurudi Nashville, akakutana na mvua ya radi akiwa amekaribia kufika. Alikuwa na mpiga kinanda wake, Dean Manuel. Walitafutwa siku mbili msituni. Alikuwa hajatimiza miaka 41. Hebu hesabu hapo: kati ya wimbo na ajali ipo miaka karibu mitano. Na hakuutunga yeye. Waliutunga mtu na mkewe, Joe Allison na Audrey Allison.

Stori yenyewe ni ya simu, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Mimi nilikuwa opareta, Lindi kwanza kisha Mtwara, enzi ambazo huwezi kujipigia mwenyewe. Unakuja, unaandikisha namba, unakaa kwenye benchi, sisi tunaitafuta Dar, Dar inatafuta mtu wako, halafu unaitwa: kibanda namba mbili.

Huyu Audrey alikuwa na sauti ndogo. Akiongea na mumewe kwenye simu, Joe hasikii vizuri, na mama wa watu kupaza hawezi. Basi Joe akawa anamwambia asogeze mdomo karibu na simu. Hicho tu. Kauli ya mume anayetaka kusikia mkewe anasema nini, na wote wawili wakiwa watunzi wakaona hapo pana wimbo.

Kauli hiyo mimi nimeisema kwa kulipwa mshahara.

Mlio vijana hamjui kwa nini ilikuwa lazima isemwe. Zile simu nyeusi nzito, ukifungua pale pa kusemea unakuta kidude cha duara, ndani yake kuna punje za makaa, ndogo sana. Ukisema, sauti inasukuma kibati chembamba, kibati kinazibana zile punje, umeme unapita mwingi au mchache kufuatana na sauti yako. Mdomo ukiwa mbali, kibati hakitikisiki, upande wa pili wanasikia upepo. Ukipiga kelele ndiyo unaharibu zaidi, sauti inapasuka, wanasikia mkwaruzo. Dawa ni moja: usipaze, sogea. Na huku kwetu kuna unyevu wa bahari, punje zinagandana, kwa hiyo mara nyingine tunamwambia mteja augonge mkonga wa simu taratibu kwenye kiganja, ziachiane, aanze upya.

Msimu wa korosho ndiyo ulikuwa kazi. Mtu anatoka Newala kumpigia mdogo wake Dar. Anaushika mkonga kama mpini wa jembe, mdomo uko huku, na anapiga kelele mpaka benchi zima linajua kalipwa kiasi gani. Naingia kwenye laini: "Mzee, usipaze, sogeza mdomo." Ananijibu kwa kelele zaidi: "Wewe nani?" Dakika tatu alizolipia zinaishia hapo.

Haya, wimbo wenyewe sasa. Mwanamume yuko baa. Anampigia mwanamke. Anamwomba asogeze mdomo kwenye simu, wajifanye wako wawili tu. Yeye atamwambia mwenye baa apunguze ile mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Naye mwanamke amwambie huyo rafiki aliyenaye chumbani kwamba itabidi aondoke. Huyo ndiye wa kuondoka. Siyo Jim, siyo marehemu wa DJ wenu.

Kuna mahali panapita haraka watu hawapasikii. Jamaa anajua mwanamke hawezi kusema ya moyoni wakati mwenzake yuko pale anasikiliza, kwa hiyo anamwomba ajibu ndiyo au hapana tu. Nakwambia aliyeandika hapo anazijua simu. Sisi hatukutakiwa kusikiliza maongezi ya watu, na hatukusikiliza, lakini unaingia kuangalia kama laini ipo hai, unamkuta mtu anajibu "ee... aa... hapana... ee." Hapo hupati shida kujua, huyo ana mtu pembeni.

Kwa hiyo mwanangu, mzee wako anataka kumshika binti mkono mbele ya wakwe, na maspika yanatangaza kwamba kuna bwana mwingine chumbani anaombwa atoke. Binamu yako ana haki ya kucheka.

Mtoto wa Chikongola:

Nang'olo, mzee wangu, nimecheka mpaka nimeitwa jikoni kuulizwa kuna nini. Asante sana. Ila sasa mbona unasikika kama wimbo wa upole hivyo? Mtu anagombania mwanamke na sauti haipandi hata mara moja. Na mbona shangazi anang'ang'ania ni wa dini?

Opareta Mstaafu:

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye mdomo pia.

Jim hakuanza hivyo. Nyimbo zake za mwanzo, kama ule wa 1953 wa Joe wa Meksiko, alikuwa anaimba kwa sauti ya juu, ya kuchangamsha watu. Alishakuwa mtangazaji wa redio huko Louisiana, baada ya kucheza besiboli akaumia, kwa hiyo kipaza sauti alikuwa anakijua toka kazini. Mtangazaji hapigi kelele, anakuongelesha wewe peke yako uliyekaa sebuleni. Mwaka 1957 akarekodi "Four Walls" akiwa ameisogelea maiki karibu kuibusu, akaimba kwa kunong'ona, na tangu hapo hakurudi nyuma. Maiki nyingi za studio zina tabia hiyo, ukizikaribia zinaongeza unene wa sauti, zile noti za chini zinajaa. Ndiyo ile sauti ya Jim mnayoiita ya mahaba.

Umeona sasa? Studio alikuwa anafanya kitu kilekile anachomwomba mwanamke kwenye wimbo. Ndiyo maana hata asiyejua Kiingereza anahisi kuna mtu amemkaribia sikio. Watu wanasema ni maneno matamu. Mimi nasema ni umbali wa mdomo na maiki. Maneno yale ukimpa mwimbaji wa kupiga kelele unapata ugomvi wa baa.

Na aliwahi kupewa mwingine. Wa kwanza kuurekodi ni Billy Brown, mwaka uleule 1959. Jim aliusikia redioni akaupenda, akasubiri aone kama wa Billy utapaa. Haukupaa, ndipo akauchukua. Chet Atkins ndiye alikuwa msimamizi wa kurekodi, bwana ambaye siku zile alikuwa anaondoa fidla na yale magitaa ya kulialia ya kijijini, anaweka waitikiaji laini na piano. Kwenye huu kuna kile chombo kinacholia ting, ting, kama vibuyu vya vioo, mwanzoni na katikati. Kinaitwa vibrafoni, alikipiga Marvin Hughes. Waliobaki wanagusa tu. Ukiwa na maspika mabovu hukisikii, na huo ni wizi.

La kuchekesha ni kwamba kampuni haikuutegemea. Waliuweka upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza uliwekwa "In a Mansion Stands My Love", ambao leo hata wewe hujausikia. Watangazaji wa redio ndio waliogeuza santuri. Mwaka 1960 ukakaa namba moja kwenye chati ya muziki wa kantri wiki 14, na kwenye chati kubwa ya nyimbo zote ukafika namba mbili. Uliomzuia kufika juu ni muziki wa ala tupu wa Percy Faith, hauna hata neno moja. Mtu aliyeimba kwa kunong'ona akazuiwa na wasiosema kabisa.

Habari ya shangazi: hajakosea sana. Jim alirekodi nyimbo za dini pia, na sauti ni ileile, upole ni uleule. Ukiwa umeanza kumsikia Jumapili baada ya ibada, halafu Kiingereza hukifuati, utajuaje kwamba huu yuko baa? Hata padri angeuachia.

Dada wa Mingoyo:

Naona wanaume mnausifia tu. Mnajua kwamba mwanamke alimjibu? Mwaka huohuo 1960 Jeanne Black alitoa "He'll Have to Stay", melodi ileile. Anamwambia jamaa: nilikusubiri sana, wewe uko kwenye starehe zako, sasa nimepata anayekaa nami, basi huyu atabaki. Nao ukafika namba nne kwenye ile chati kubwa ya Marekani. Marehemu baba alikuwa nazo zote mbili, na mama alikuwa akiudhiwa anaweka huo wa Jeanne bila kusema neno. Baba anachukua kofia anatoka.

Kwa sendofu napendekeza huo. Binti aanze ndoa akiwa na jibu mfukoni.

Kijana wa Bandarini:

Hii ya kujibiwa sikuijua. Lakini Mzee Opareta, kama ni wimbo wa kufukuza mtu chumbani, mbona huku Kusini watu wanauweka msibani kweli? Nimeusikia kwa masikio yangu kwenye arobaini, Majengo. Sijabuni.

Opareta Mstaafu:

Sikusema umebuni kuusikia, nimekataa tu ile ya kuoteshwa. Msibani unawekwa kwa sababu mwimbaji mwenyewe alikufa ghafla na watu walimlilia mbali na kwao. Mkewe Mary akaendelea kutoa nyimbo alizoziacha zimerekodiwa. Mwaka 1966, miaka miwili yuko kaburini, "Distant Drums" ukawa namba moja Uingereza. Sasa ukisikia mtu anaimba mpya na wewe unajua amekufa, kila wimbo wake unaanza kunukia ubani.  Huko msibani nani anasikiliza maneno? Wanataka kitu cha polepole kisichowatoa machozi kwa nguvu.

Dada wa Mingoyo, huyo mama yako angefaa kuwa opareta. Anaunganisha laini bila kusema neno.

Mama Nanyamba:

Kwa hiyo mimi nilifungua harusi yangu na habari za baa. Mume wangu nimemsomea yote haya, kasema alijua siku nyingi ila kiti alikuwa ameshalipia. Bado nasema mzee aachiwe. Wakwe wa Mtwara wangapi watasikiliza Kiingereza huku wanaangalia gauni?

Opareta Mstaafu:

Wako, mama. Siku hizi yupo mmoja kila meza, na ana simu.

Ushauri wangu kwa mwenye mada. Kuingia, mtafutie mzee "Welcome to My World", ni Jim yuleyule, upole uleule, na unamkaribisha mtu kwenye ulimwengu wa anayempenda. Mwendo wake mtu wa makamo anaweza kuutembea bila kujikwaa kwenye zulia. Huo mwingine mpeni wakati wa chakula, ambapo sahani zinalia na hakuna anayefuatilia nani yuko chumbani. Na mwambie DJ asiuweke ule uliochanganywa na mdundo. Pia asipandishe besi. Jim tayari ana besi yake, mkiongeza nyingine mnarudi kwenye pipa la Mwera wa Mtama.

Mtoto wa Chikongola:

Nimerudi na majibu ya nyumbani.

Jana usiku nilimsomea mzee maelezo yote ya Opareta, hadi punje za makaa. Alisikiliza kimya, akauliza tu huyo opareta alikuwa Mtwara miaka gani, maana kuna simu anadai alikatiwa hajasahau. Kuhusu wimbo hakuyumba. Kasema maneno anayajua toka zamani na hayamhusu, yeye anapenda zile ting, ting.

Aliyemaliza kesi ni mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. Kasema huo wimbo ameusikia kila Jumapili tangu aolewe, kanda imekatika ikaungwa kwa selotepu, na siku ya mwanawe anaomba apumzishwe. Mzee kanyamaza. Asubuhi akaniambia mwenyewe, "Huo wa kukaribisha unao?"

Kwa hiyo ataingia na "Welcome to My World", na huo mwingine utapigwa kwenye chakula kama ilivyoshauriwa, mama atakuwa ameshakaa meza ya mbali na spika. DJ amekubali ila anataka nimletee wimbo wenyewe, hana. Wa mzee kwenye kaseti hauwezekani, pale palipoungwa neno zima limeliwa, na niliyoipata mtandaoni inasikika imerekodiwa upya na watu wengine. Mwenye nakala safi ya ile ya 1959 anisaidie, naweza kuja kuchukua popote kuanzia Mikindani mpaka Mingoyo.

Dada wa Mingoyo:

Ninayo, imetolewa kwenye santuri ya baba, ina mikwaruzo kidogo mwanzoni ila vibrafoni imo yote. Njoo Ijumaa na flashi yako. Na ya Jeanne nitakuwekea humohumo, utajua mwenyewe wa kumpa.

Opareta Mstaafu:

Kijana, mwambie mzee huyo sikumkatia mimi. Dakika tatu zilikuwa zimeisha.